Dua Iliyouzwa Stanmore

Wewe ulifunga gazeti Jumamosi iliyopita ukaenda zako kula. Dinah Kadzo ulimwacha amesimama katika chumba cha usuluhishi pale Harrow, London, mdomo wazi, na wakili wa Mzee Ashdown akimsubiri ajibu. Maskini, wiki nzima yuko wima. Hebu tumwonee huruma.

"Narudia swali," wakili alisema. "Ni kweli kwamba familia yenu ilikiacha kigango hiki, ikahamia kwingine na kuchonga kibao?"

Kibao! Neno hilo wakili wa Kizungu amelitoa wapi?

Dinah alikitazama kigango chenyewe, kimelazwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Ni ubao wa mti wa mhuhu, mrefu kumpita yeye, wenye kichwa cha duara na nakshi za pembetatu kifuani. Kwa Wagiriama huo si ubao. Huyo ni mtu. Huyo ni Mzee Kalume mwenyewe, babu wa babu yake Dinah.

Kama leo ndiyo kwanza unajiunga nasi, sikiliza upesi, maana sirudii.

Mwaka 1914 Mwingereza alikuwa vitani na Mjerumani, na alitaka vijana wa Kigiriama wambebee mizigo ya vita vyake. Mzee Kalume alikataa kumtoa hata mmoja. Askari wakaongozwa mpaka bomani kwake, ndani ya msitu upande wa kaskazini wa mto Sabaki, wakampiga risasi mlangoni. Wanawe wakamchongea kigango, wakakisimamisha. Baadaye askari wakarudi tena, na ofisa mmoja kijana aitwaye Ashdown akaking'oa kigango akakileta Uingereza kuwa pambo la ukumbi.

Sasa mjukuu wa ofisa huyo, Mzee Ashdown wa Stanmore, anataka kukipeleka mnadani. Dinah, ambaye kazi yake ni kuwatunza wazee wa watu majumbani mwao, anataka kumrudisha mzee wake mwenyewe Kilifi. Wote wawili wamekubali kufuata atakavyoamua mwenyekiti wa usuluhishi. Na mwenyekiti alisema tangu asubuhi: kama kigango kiliporwa, kitarudi kwao. Kama wenyewe walikiacha, mzee ana ruhusa ya kukiuza.

Hapo ndipo habari ya kibao inapouma. Wagiriama wakihama, kigango hawaking'oi. Marehemu huachwa asimame alipo, na familia huchonga kibao kidogo iende nacho makao mapya. Asiyejua mila akisikia hivyo atasema, aa, kumbe mlikitupa!

"Bi Dinah?" mwenyekiti aliuliza. Alikuwa mama wa makamo, mpole, lakini wa kupenda majibu.

Angeweza kukana. Nani angemsuta? Lakini akane vipi na Mzee Kalume amelala pale mbele yake?

"Ni kweli," Dinah alisema. "Kibao kilichongwa."

Wakili wa mzee aliketi, ametosheka kama aliyeshiba futari. Mwenyekiti akatangaza mapumziko. Wakirudi, alisema, watamsikia mama mzazi wa Dinah kwa video kutoka Kilifi.

Dinah hakunywa chai. Alitoka mbio nyuma ya wakili wake, akamnasa kwenye korido.

"Lila! Kwa nini umeniuza?"

Lila akageuka. Mama huyu ni Mhindi, mzaliwa wa Mombasa na mkazi wa Stanmore, na Kiswahili chake bado kina chumvi ya Makupa.

"Nimekuuza nini?"

"Usijitie hamnazo. Wewe unakaa Stanmore, yule mzee anakaa Stanmore. Mnanunua mkate duka moja."

"Dinah, chunga ulimi."

"Hata zamani zile ilikuwa hivi hivi. Mzungu juu, sisi chini, na nyinyi katikati mmeshika mizani!"

Watu waliokuwa wakipita na vikombe vyao wakaharakisha mwendo. Macho ya Lila yakajaa maji.

"Babu yangu aliuza mafuta ya taa Malindi, katikati yenu na Mzungu," alisema. "Sikatai. Lakini hebu nikuulize swali moja tu, dada. Habari ya kibao uliniambia lini?"

Dinah hakuwahi kumwambia.

Aliogopa kwamba wakili wake mwenyewe akijua ataiona kesi dhaifu, akaificha.

"Ndiyo kwanza naisikia leo, mbele ya watu, nimekaa pale kama mjinga," Lila alisema. "Nimeacha kesi za wengine nikakushikia yako. Umenificha jambo kubwa kuliko yote, halafu unaniita mimi msaliti. Mimi nikuiteje? I'm asking you."

Akaenda zake. Dinah alitamani sakafu ipasuke imfiche, lakini sakafu za Harrow ni imara.

"Kunywa chai, mwanangu. Hasira haijengi nyumba."

Huyo ni Naftali, amemletea kikombe. Wasomaji wangu wa zamani mnamjua na mnampenda, najua, maana barua zenu nazisoma. Kwa Dinah si mjomba wa damu, ni mjomba wa heshima, jirani wa kwao Kilifi. Ndiye aliyempokea Heathrow alipofika na sweta moja ya kuazima, akampa chumba nyumbani kwake Hounslow, akamtafutia kazi. Ndiye mwenyekiti wa chama cha Wapwani wa London. Na sasa anajiandaa kurudi nyumbani kugombea ubunge. Fulana zimeshachapwa, zimeandikwa kifuani: MWANA WA WAPIGANAJI.

"Mjomba, nani amesema?" Dinah alimshika mkono. "Siri ile tunaijua mama, wewe na mimi. Mimi sikusema. Lila hakuwa anajua."

Naftali alipuliza chai yake, akafikiri.

"Unakumbuka siku ile tulipokwenda Stanmore kumsalimu babu?"

Angeisahauje? Mzee Ashdown aliwaruhusu wakamwone kigango chao pale ukumbini. Walibeba chupa ya mnazi, pombe ya wazee, iliyonunuliwa kwa Mnigeria mmoja Hounslow, maana babu hasalimiwi kwa juisi ya machungwa. Mzee Ashdown alipoona wanataka kuumwaga, alikimbilia jikoni akaleta sahani ya kikombe ili zulia lake lisiharibike. Dinah akapiga magoti mbele ya sahani. Jumapili huimba kwaya kanisani, lakini babu ni babu. Alimweleza yote yaliyokuwa moyoni. Alimwomba radhi kwa miaka aliyosimama peke yake ugenini. Akamwambia, tulikuacha tukachonga kibao, tusamehe, hatukuwa na la kufanya. Alilia siku ile mpaka akaishiwa na leso.

"Yule mzee alikuwa nyuma yetu," Naftali alisema. "Amesimama kama gogo. Sasa nikwambie jambo, yule alizaliwa Kitale. Kiswahili anakijua."

Dinah alijipiga kofi la paji la uso.

Kosa hilo ni letu sisi tulio ughaibuni, tukubali tu. Tukiwa mbele ya Mzungu tunabadilisha lugha, tunamsema suruali yake na tumbo lake mbele ya macho yake, tukidhani mlango tumeufunga. Katika treni ya Metropolitan mimi mwenyewe nimesikia mambo ya watu ambayo hata daktari wao hayajui. Na kila siku kuna Mzungu mmoja kaketi kimya nyuma ya gazeti, alilelewa na yaya wa Nakuru.

"Basi ni mimi," Dinah alisema. "Ni ulimi wangu. Hakuna aliyeniuza."

"Hakuna aliyekuuza," Naftali alisema, akampigapiga begani.

Utaamini? Dinah alifurahi. Kesi ilikuwa inamponyoka, lakini moyo wake ulitulia, kwa sababu kushindwa kunavumilika, kuuzwa na wako hakuvumiliki. Aliiweka chai chini akaenda kumtafuta Lila amwangukie miguuni.

Hakumfikia. Karibu na lifti, kwenye benchi, Mzee Ashdown alikuwa ameketi peke yake na fimbo yake.

"Jambo, mama," mzee alisema. "Wewe iko na huzuni?"

Kiswahili hicho! Kimetoka moja kwa moja shambani kwa walowezi, hakijawahi kuoga wala kuchana nywele.

"Kumbe ni kweli unakijua," Dinah alisema kwa uchungu.

"Kidogo tu. Ya jikoni na ya farasi. Mama yangu hapana penda mimi sema hiyo."

"Basi siku ile nilipopiga magoti kwako ulisikia kila kitu."

Mzee alikunja uso kama anayetafuta miwani.

"Ile siku? Hapana. Mimi nasikiliza sana, lakini hapana shika hata moja. Ile si Kiswahili. Ile lugha ingine."

Dinah alisimama pale pale.

Kigiriama! Mungu wangu, alisema Kigiriama! Wazee waliolala huzungumziwa kwa lugha waliyoondoka nayo duniani, na Mzee Kalume Kiswahili hakukipenda, alikihesabu lugha ya wenye bunduki. Katika ukumbi ule waliojua Kigiriama walikuwa wawili walio hai. Mmoja alikuwa amepiga magoti analia. Mwingine alikuwa ameshika chupa.

Akabadilisha, akamuuliza mzee kwa Kiingereza, taratibu, kama anavyowauliza wagonjwa wake wanaumwa wapi. "Nani alikutafsiria?"

"Rafiki yako, Bwana Naftali," mzee alijibu, naye kwa Kiingereza sasa, bila wasiwasi wowote. "Alikuja siku chache baadaye, tukanywa chai bustanini. Alinieleza uliyomwambia mzee wako. Maneno mazuri sana. Nikamsimulia wakili wangu. Nilidhani una habari, maana alisema ametumwa na familia."

"Familia ipi?"

"Yako, nilidhani."

Mwongo, Dinah aliwaza. Naftali mwongo, hata kwa jina la familia yangu anajifunika.

"Aliomba jambo moja tu," mzee aliendelea. "Babu yangu alikuwa na hadithi yake, akiisimulia kila Krismasi baada ya kunywa. Kwamba boma lile wasingelipata hata kwa mwaka, kama si mwenyeji mmoja aliyewaonyesha njia. Walimpa ukubwa wa serikali, akavaa kofia nyekundu. Jina lake babu hakulisahau. Naftali aliniomba nisilitaje leo, nami nimekubali. Mtu ana haki ya kuficha aibu ya wazee wake. Mimi ya kwangu naipeleka mnadani."

"Nitajie."

"Nimeshaahidi," mzee alisema, akatazama fimbo yake.

Hakuwa na haja ya kutajiwa. Dinah alijumlisha mwenyewe. Nani anaogopa jina la mtu wa kofia nyekundu? Ni yule aliyechapisha fulana, yule anayekwenda kuomba kura kwa damu ya wapiganaji, na kumbe damu yake ndiyo iliyowaongoza askari! Ndiyo maana akataka kesi ife mapema, kabla swali la nani aliwafukuza halijaulizwa. Akachukua dua yake, dua aliyoisema kwa machozi, akaitia katika kikombe cha Mzungu pamoja na sukari.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hawakukosea hata kidogo.

Alimkuta kwenye ngazi, anatazama simu.

"Ulimtafsiria," Dinah alisema.

Naftali aliinua uso. Watu wengine hukana kwanza ndipo wakakubali. Huyu hakukana. Aliiweka simu mfukoni tu.

"Kaa nikueleze."

"Sikai. Nilikuwa nazungumza na babu yangu, mjomba! Nilikupa chupa uishike ili nipate kupiga magoti. Wewe ulikuwa unasikiliza ili ukauze?"

"Sikuuza. Sikupewa kitu."

"Umepewa kimya. Umenunua kimya kwa machozi yangu ili ubunge wako usipate doa. Wapiganaji! Wapiganaji wa nani?"

Naftali alifumba macho. Alikuwa mtu mzima, mwenye kisukari, na pale kwenye ngazi alionekana mzee kuliko umri wake.

"Fikiri utakavyo," alisema. "Nakuomba jambo moja, na mimi sijawahi kukuomba kitu. Tukirudi mle ndani, Lila asikuulize kwa nini mlihama, na wewe usiseme. Acha kesi iishe. Kubali kushindwa leo."

"Nikubali babu yangu auzwe, ili wewe uitwe mheshimiwa?"

"Kuna mambo ya kule, mwanangu, yakifunuliwa hayafunikiki tena."

"Usiniite mwanangu."

Hilo lilimwingia. Midomo yake ilicheza, lakini alilotaka kusema alilimeza. Ningekuwa pale ningempiga kelele, sema, mzee, sema sasa hivi! Lakini mimi sikuwapo, na kengele ya kurudi ndani ilikuwa imelia.

Katika chumba, Lila alikuwa ameshaketi, uso umekauka. Dinah aliinama sikioni kwake.

"Nisamehe. Si wewe. Nilikosa mara mbili."

"Tutayasema baadaye," Lila alinong'ona. "Sasa hivi nipe kitu cha kusimamia, maana sina."

"Ninacho. Hatukuhama."

Lila akamtazama. Kisha akasimama, akaomba mteja wake aruhusiwe kueleza kwa nini kibao kilichongwa. Mwenyekiti akakubali. Kwenye skrini kubwa ukutani, picha ya Kilifi ilikuwa imeshawaka. Mama yake Dinah alikuwa ameketi katika ofisi ya wakili wa huko, leso begani, kando yake mkalimani, na kabla ya maneno mengine ameapishwa kwa Biblia.

Dinah alisimama.

"Kibao kilichongwa, ndiyo," alisema. "Lakini mtu akihama hubeba vyungu, mbuzi na mbegu. Wazee wangu hawakubeba kitu. Askari walirudi wakachoma nyumba, wakawavusha Sabaki kwa mtutu wa bunduki, wakawaambia atakayerudi atauawa. Hatukuhama. Tulihamishwa. Muulizeni Mzee Ashdown kama babu yake alisimulia vingine."

Wakili wa mzee aliruka. "Mteja wangu halazimiki kujibu!"

"Nitajibu," Mzee Ashdown alisema. Alikuwa mkaidi, lakini hakuwa mwongo. "Nyumba zilichomwa. Babu hakuificha. Alisema ardhi ilikuwa bado ina moto alipoking'oa."

Chumba kizima kikavuta pumzi. Mwenyekiti aliandika kwa haraka. Lila aliuma midomo asicheke kwa furaha. Wakili wa upande wa pili alimtazama mteja wake kama mtu aliyeona ng'ombe wake mwenyewe amefungua zizi.

"Basi kiliporwa," Lila alisema. "Hatuna la kuongeza." Akamvuta Dinah mkono wa blauzi. "Kaa. Umeshinda. Kaa chini!"

Msomaji wangu, laiti angekaa!

Angekaa, leo tungekuwa tunapanga safari ya kigango kurudi Kilifi, tukachinja mbuzi, hadithi ikaisha. Lakini Dinah alikuwa ameumizwa, na kidonda kibichi hakimsikilizi wakili. Macho yake yalikuwa kwa Naftali, aliyeketi safu ya nyuma ameinamisha kichwa.

"Bado sijamaliza," alisema. "Boma lile lilikuwa ndani ya msitu. Mgeni asingeliona. Kuna mwenyeji aliyewaonyesha, akavikwa kofia nyekundu. Damu yake imo humu ndani. Ndiyo iliyochukua dua yangu ikaipeleka kwa adui zangu. Naftali! Simama uwaambie babu yako aliitwa nani!"

Viti vikalia, watu wakageuka. Kwenye skrini mkalimani alikuwa akimnong'oneza mama, na mama alikuwa ameshika leso yake kwa mikono yote miwili.

"Dinah, mwanangu, kaa," Naftali alisema.

"Simama!"

Naftali alisimama polepole, akishika kiti cha mbele yake. Hakumtazama Dinah. Alitazama skrini, muda mrefu, kama anayeomba ruhusa. Hakupewa.

"Babu yangu mimi alivuka Sabaki na mtoto mgongoni, na jicho moja limetobolewa," alisema. "Yeye hakupewa kofia. Aliyevaa kofia nyekundu aliitwa Karisa."

"Karisa nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Karisa wa Kalume."

Dinah hakuelewa. Au alielewa, akili ikakataa kupokea. Karisa wa Kalume ni mwana wa kwanza wa Mzee Kalume. Karisa ni baba wa babu yake yeye Dinah.

"Mwana ndiye aliyewaonyesha mlango wa baba yake," Naftali alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi, mtu mzima yule. "Wakampiga mzee risasi, Karisa akapewa kofia. Na kigango hiki, kigango hiki unachokidai, alikichonga yeye kwa mikono yake. Walipokuja kuchoma, nyumba yake haikuguswa. Kule kwetu wazee wote wanajua. Nyinyi watoto ndio mlifichwa."

"Mwongo!" Dinah alipiga kelele. "Mwongo wewe! Unajiokoa!"

Lakini Mzee Ashdown, pale alipoketi, alikuwa ameinamisha kichwa, na mtu aliyekuwa akimtazama angeona kwamba jina hilo halikuwa geni kwake.

"Sikwenda Stanmore kwa akili yangu," Naftali alisema. "Nilitumwa. Niliambiwa, tafuta njia yoyote kesi hii ife kabla Dinah hajalifikia jina hilo. Nikakataa mara ya kwanza. Mara ya pili niliombwa kwa machozi. Aliyenituma anatutazama."

Vichwa vyote vikageukia ukutani.

Mama yule alikuwa ameketi wima katika ofisi ya Kilifi, feni ikimpepea nywele za mvi. Alionekana mdogo sana.

"Mama?" Dinah alisema. Aliisahau Harrow, akawasahau watu, akasema Kigiriama. "Mama, mwambie anasema uongo."

Mama aliinamisha kichwa.

"Mama, ile ilikuwa dua yangu. Nilikusimulia kwa simu usiku ule ule, ukaniambia umefurahi. Ukaniambia babu amesikia. Mama, wewe?"

Mkalimani aliacha kutafsiri. Hakukuwa na mtu pale aliyehitaji kutafsiriwa.

"Mama," mwenyekiti alisema kwa upole, "umeapa kusema kweli. Je, aliyosema bwana huyu ni kweli? Na kama ndiyo, una la kutueleza juu ya kigango hiki?"

Mama alivua miwani akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena. Alipoinua uso hakumtazama binti yake. Alimtazama mwenyekiti.

"Nitasema," alisema. "Na si hilo la Karisa tu, lipo kubwa zaidi ya hilo. Lakini mwanangu atoke kwanza."

Mwenyekiti aligeukia upande wa Dinah, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. Lila alimgusa bega. Dinah alikishika kiti chake kwa mikono miwili, na hakuondoka.